Nimeitwa usaili wa mahojiano, Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Mliopita huko nisaidieni

Kibuyu_Kitupu:
Wakuu, habari za jioni. Nimepita mchujo, mahojiano ni wiki ijayo huko halmashauri. Nina astashahada ya Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo na sijawahi kukaa mbele ya paneli yoyote maishani. Majukumu yaliyo kwenye tangazo nimeyakariri yote, ila jamaa yangu aliyekosa mwaka jana anasema naye alikuwa ameyakariri. Sasa wanataka nini hasa? Halafu cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne mawili. Itasumbua?

Mzee_wa_Kijiweni:
Hongera. Ila kama huna mtu ndani, nauli yako kanywee soda.

Karani_Mstaafu:
Mzee wa Kijiweni, kila uzi wa ajira wimbo wako ni huo huo. Mimi sikuwa na mtu na nimekaa kwenye kiti hicho cha Mtendaji mpaka nikakichoka.

Dogo, majukumu utaulizwa, ila hilo ni swali la kukupasha moto tu. Watu wanapotea kwenye kisa. Mfano: ng'ombe wameingia shambani, mkulima kakata mmoja panga, sasa pande zote mbili zinakusanyana na silaha. Wewe ndiye Mtendaji, unafanyaje? Wengi hudakia "nitaitisha mkutano wa hadhara niwaelimishe". Watu wameshika mapanga, wewe unaitisha mkutano! Anza na usalama: mgambo, polisi, na taarifa kwa Mtendaji wa Kata, maana ndiye unayewajibika kwake. Pakitulia, afisa ugani akatathmini shamba na wa mifugo amwone ng'ombe. Hao wataalamu hapo kijijini kiongozi wao ni wewe, na paneli inataka kuona kama unalijua hilo. Usuluhishi uje baadaye, kwa maandishi. Chanzo kikiwa mpaka wa ardhi, taja Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wanawake wasipungue 3.

Mtego mwingine ni mwenyekiti. Yeye kachaguliwa, wewe umeajiriwa. Kwenye Halmashauri ya Kijiji wewe ni katibu, usijipe kiti chake. Wakikuuliza, "Mwenyekiti anataka utoe fedha za zahanati, kikao hakijakaa", jibu kwa heshima lakini usilegee: afisa masuuli, yaani mwenye kujibu kuhusu fedha, ni wewe, fedha haitoki bila muhtasari wa kikao. Tafuta Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 usome sehemu ya vijiji. Na usisahau mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu, ambako mapato na matumizi husomwa. Vijiji vingi ugomvi unaanzia hapo.

Binti_wa_Rufiji:
Kaka, kuhusu majina usipuuze. Nenda kwa mwanasheria akuandalie hati ya majina (deed poll) inayothibitisha kuwa majina yote ni yako, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Nimeona mtu anarudishwa mlangoni, tena alikuwa kaongoza mchujo. Beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Matokeo ya muda hawapokei. Kwa utambulisho, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinatosha.

Mavazi hayana hadithi ndefu: safi, ya heshima, yasiyokubana ukikaa.

Kibuyu_Kitupu:
Asanteni sana. Karani, shikamoo. Nikiulizwa kwa nini nataka kijiji wakati nimekulia mjini nijibu nini? Ukweli ni kwamba nataka ajira.

Karani_Mstaafu:
Marahaba. Kila aliye kwenye foleni anataka ajira, hilo wanalijua. Usianze kusema umeota tangu utotoni kuwa Mtendaji, watacheka moyoni. Sema kazi uliyowahi kufanya na watu, hata kama ni ukatibu wa kikundi cha kukopeshana mtaani: uliandika mihtasari, ulitunza daftari, aliyechelewesha rejesho ulimfuata. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na usipolijua swali, sema hulifahamu, usibuni kifungu cha sheria. Mmoja kati yao huenda ni mwanasheria wa halmashauri.

Mzee_wa_Kijiweni:
Haya, nimenyamaza. Ila nauli, chakula na malazi ni juu yako, jipange. Fika jana yake.

Kibuyu_Kitupu:
Kesho asubuhi niko kwa mwanasheria. Mwenye nakala ya hiyo Sheria Na. 7 kwa Kiswahili aiweke hapa tafadhali.