Madini ya fedha juu ya vitufe vya polistirini (plastiki): napata vilima viwili tu kwenye Raman

Maabara_Kla: Wakuu, naomba ushauri. Nipo Kampala, natengeneza bamba za kukuza mawimbi ya Raman (mwanga wa leza unaotawanywa na kemikali, kila moja ina vilele vyake) ili baadaye nipime mabaki ya dawa ya ukungu kwenye ganda la nyanya. Nimepanga vitufe vya polistirini vya nm 600 juu ya slaidi, nikavukiza fedha nm 50 kwenye vakyumu. Leza nm 785, mW 20, lenzi 50x. Thiramu, dawa ya ukungu ninayoipima, inatakiwa kunipa kilele cha 1380 cm⁻¹, lakini naona vilima viwili vipana, 1350 na 1580. Tena bamba zikikaa wiki mbili zinakuwa manjano.

Kilele520: Hiyo ni kaboni, unaichoma sampuli. mW 20 chini ya 50x ni jiko. Shuka hadi mW 1 au chini, ongeza marudio ya kupima badala ya nguvu. Pima kwanza bamba tupu: vilima vikiwepo hata bila dawa, fedha yenyewe ni chafu, mara nyingi ni mafuta ya pampu. Na usiegemee 1380 pekee, kilima cha 1350 kinaimeza. Angalia 560, kaboni haina kitu pale.

Mvukizaji: nm 50 ni nyembamba mno. Kwa vitufe vya nm 600 weka fedha nm 200, taratibu, nm 0.1 hadi 0.2 kwa sekunde. Slaidi ioshwe kwa amonia, hidrojeni peroksidi na maji, 1:1:5, nyuzi 80 (kwenye kabati la kufyonza mvuke, miwani usoni!). Bila hivyo tone lenye vitufe halisambai, vitufe vinarundikana ukingoni kama alama ya kikombe cha chai.

Nyanya_Mbale: Manjano ni salfaidi ya fedha, yaani fedha iliyoungana na salfa. Moshi unachangia, ila watu husahau mipira ya kufungia: ina salfa. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye silika jeli, utumie ndani ya siku chache. Dhahabu haina shida hiyo na kwa 785 inafaa, tatizo bei.

Mvukizaji: Kabla ya kuharibu madini ya fedha zaidi, chemsha koloidi (chembe ndogo za fedha zinazoelea majini) uijaribu na thiramu: nitreti ya fedha mg 18 kwenye ml 100 za maji yaliyoondolewa ayoni, yakichemka tia ml 2 za sitreti ya sodiamu 1%, endelea saa 1. Maji ya bomba yana kloridi, utapata weupe tu. Koloidi ikitoa 1380, kosa liko kwenye bamba.

Maabara_Kla: Asante, ssebo. Kwa mW 1 bamba tupu ni safi. Penye thiramu vilima bado vipo.

Kilele520: Hamisha leza. Hapo ulishapachoma.