Mrejesho: Kompyuta kuu ilikuwa inanikataa, sasa naingia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini akaunti ya chuo inanifungulia tovuti ya kompyuta kuu (ile ya mahesabu mazito), ila nikija kwenye teminali (dirisha la kuandika amri) kwa SSH, yaani njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, natupwa nje.

Mliosema nikague saa ya simu mlipatia nusu. Ilikuwa mbele dakika 3, na zile namba 6 za siri ambazo simu hutoa kwa kufuata saa yake ili kuthibitisha ni mimi hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo wakati mwingine hata tovuti ilizikataa. Nimeiacha ijirekebishe yenyewe.

Mchawi hasa alikuwa funguo, yale mafaili ya siri ambayo SSH hutumia kukutambua badala ya nywila. Kule kwetu, ukishaingia kwenye kivinjari unapakua cheti cha SSH (faili la kuthibitisha ufunguo wako) kinachodumu kwa muda wa saa 12, na hicho ndicho seva inachokitaka. Changu kilikuwepo! Ila ajenti (programu inayotunza funguo kwenye kompyuta yangu) alikuwa na funguo 7 za zamani (uvivu wangu), akawa anazitanguliza moja moja. OpenSSH, programu ya SSH kwenye seva, kwa kawaida hukata baada ya majaribio 6, kwa hiyo nilitupwa nje cheti hakijaguswa. Nimeweka IdentitiesOnly yes (yaani tumia funguo nilizotaja tu) kwenye config, faili la mipangilio ya SSH, nikaelekeza kwenye cheti, nikaingia mara ya kwanza.

Kazi yangu sasa iko kwenye foleni tangu asubuhi. Hilo nitaliletea uzi wake.