Naomba ushauri: taa ya mwanga wa bluu kwa kidonda chenye bakteria sugu

Habari zenu wakuu. Mama ana kisukari, na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kimegoma kupona. Usaha ulipooteshwa maabara, majibu yakaja MRSA, aina ya bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi. Kwenye karatasi dawa karibu zote zimeandikwa R, yaani bakteria ni sugu kwazo. Zilizobaki ni za sindano, na bei zake mnazijua.

Sasa mdogo wangu ameona mtandaoni taa ya mwanga wa bluu, anataka tuagize. Nimesoma kidogo, si uganga: Niels Finsen wa Denmark alipata Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwanga wa bluu wa nanomita 405 hivi huamsha kemikali zilizomo ndani ya bakteria wenyewe, zikazalisha oksijeni kali inayowaunguza. Njia nyingine ni kupaka methilini bluu (rangi inayoamshwa na mwanga) kidondani, kisha kumulika mwanga mwekundu. Kwa kuwa bakteria anapigwa sehemu nyingi kwa mpigo, usugu haujengeki kirahisi kama kwa vidonge.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mwanga hauzami mbali, na daktari anahofia mfupa umeshaguswa. Halafu mguu wa mama una ganzi, akiungua hatajua.

Kuna aliyetibiwa hivi hospitalini, Dar au Nairobi? Wahudumu wa afya, hizi taa za mtandaoni zina nguvu ya kutosha au ni za urembo tu? Na inaweza kwenda sambamba na sindano na kusafishwa kidonda? Mitishamba naomba tuiache, huko tumeshapita.