SAFARI YA MAHARI – GRAND JUNCTION, COLORADO 🐐

*Jumatano*

Mama Kelvin, 1:05 usiku: Jamani, utabiri umegeuka. Theluji nzito milimani Ijumaa usiku mpaka Jumamosi. Tunatoka Aurora Ijumaa saa 5 asubuhi, SI saa 12 jioni. Wenye magari wajibu.

Mama Kelvin, 1:48: Watu 14 mmesoma. Tiki za bluu naziona.

Deo: Mi natoka kazini saa 9

Mama Kelvin: Omba ruhusa. Na tairi! Barabara ya I-70 toka Morrison mpaka Dotsero ni sheria, Septemba hadi Mei. Chomeka sarafu ya senti 25, ile ya kichwa cha Washington, kwenye mfereji wa tairi, kichwa chini. Ukiona utosi wake, tairi imekwisha, beba cheni. Ukiziba njia faini inapita dola 500.

Shemeji Eliya: Nimepima. Washington nimemwona mpaka shingo

Ben: 😂😂 hiyo siyo tairi, ni kichwa cha mjomba

Mjomba Temu: Ben, nakusoma.

Mama Kelvin: Sicheki. Eliya, cheni unazo?

Shemeji Eliya: Alibaki nazo Baba Rehema tangu safari ya Silverthorne

Baba Rehema: Msinianze. Cheni nilinunua mimi. Chumba nililipa mimi, dola 140, mpaka leo kimya.

Mama Kelvin: Si tulikubaliana yaishe?

Baba Rehema: Mlikubaliana na nani?

Shangazi Mage: Tukianza hayo, mbuzi wa wakwe alipungukaje mguu njiani?

Ben: 🤐

Mama Kelvin: JAMANI THELUJI

Bibi Moshi, 3:40 usiku: Huku kumekucha nakuta mnagombana.

Deo: Shikamoo Bibi

Ben: Shkamoo bibi 🙏

Bibi Moshi: Marahaba. Deo aliniambia hilo handaki la barabara yenu liko mita 3,400. Hapo kituo cha Mandara, Kilimanjaro, umeshakiacha chini. Babu yenu alibeba mizigo Kibo miaka 11, hakutembea kwenye theluji usiku hata siku moja. Mahari haiendi usiku. Wakwe wapigiwe simu. Na wewe mwanangu, hela yako utapata, lakini siyo humu.

Baba Rehema, 4:52: Sawa mama.

Mama Kelvin, 4:53: Tumesikia Bibi. Basi ni Ijumaa saa 5 asubuhi au tusogeze wiki. Nani anawapigia wakwe?

*Alhamisi*

Mama Kelvin, 1:10 asubuhi: Nani anapiga?

Mama Kelvin, 3:30: ???

Deo, 6:15 mchana: Bosi kakubali saa 7. Mtanisubiri?

Shangazi Mage: Ndo naingia sasa hivi. Kwani tunaondoka lini?

Shemeji Eliya: Baba Rehema, cheni nizipitie saa ngapi?