Tupeane uzoefu: mbavu za nguruwe za oveni, laini mpaka mfupa uchomoke

Jirani wa Kinoo

Wadau, nguruwe wa kukaanga kavu Nairobi hii kila mtu anajua pa kumpata. Leo nauliza habari ya ubavu mzima wa barbekyu, uliopikiwa nyumbani kwenye oveni ya kawaida, ukalainika. Maelezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wenye majiko ya moshi nyuma ya nyumba na ua wa kuyaweka. Nataka kumsikia mwenye kuka ya gesi, mwenye oveni ya stima, hata asiye na oveni kabisa.

Naanza mimi. Kwangu kazi kubwa iko buchani. Muuzaji akisikia tu neno mbavu, panga limeshapanda juu, na ukizubaa unarudi nyumbani na vipande vya kukaanga. Sema kabla hajainua kitu: usinikatie, nipe ubavu mzima, na usiukwangue nyama ya juu ukaibakisha kwenye mizani ya mwingine.

Upande wa ndani wa mbavu kuna utando mweupe unaong'aa. Ingiza ncha ya kisu butu kwenye mfupa wa pembeni, uinue, uushike kwa tishu maana unateleza, kisha vuta. Huo haulainiki hata upike mpaka usiku wa manane, na viungo haviupenyi.

Chumvi napaka usiku. Asubuhi naongeza sukari guru iliyokwanguliwa, paprika, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu na bizari nyembamba kidogo. Nafunga foili mara mbili, nyama ikitazama juu, nyuzi 150 kwa masaa mawili na nusu hadi matatu. Nikifungua, mchuzi uliokusanyika naumwaga kwenye bakuli (usiutupe), napaka sosi, narudisha wazi kwa nyuzi 200, dakika 15, napaka tena katikati. Sosi haiingii mapema. Ina sukari, na sukari ikikaa wazi kwenye moto masaa matatu inakuwa mkaa mchungu.

Haya, karibuni. Wapinzani pia.

Shosh wa Uthiru

Kijana wangu, masaa matatu ya oveni ni gesi ya nani? Mimi mtungi wangu nausikiliza.

Sisi huku karibu na kichinjio cha Ndumbuini nguruwe tunamjua. Mbavu naziweka kwenye sufuria pana na maji ya kuzifunika tu, kitunguu kimoja kimekatwa nusu, tangawizi ya kuponda, siki vijiko viwili na chumvi. Zikianza kuchemka napunguza moto mpaka maji yawe yanatabasamu tu, si kucheka. Baada ya kama saa moja nachoma kwa uma. Uma ukiingia bila ugomvi natoa, nazipangusa, sosi, oveni dakika 25 ya moto mkali. Wajukuu hawajawahi kulalamika.

Jirani wa Kinoo

Shosh, heshima zote, lakini hapo ladha imebaki kwenye maji.

Shosh wa Uthiru

Ndiyo maana maji simwagi. Napikia njahi, yale maharagwe meusi. Wewe mchuzi wako wa foili ni kijiko ngapi?

Mwalimu wa Donholm

Nyinyi wawili mnabishana juu ya njia, lakini kinacholainisha ni kilekile. Mbavu zimejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama na mfupa. Kwenye nyuzi 70 nyama yenyewe imeshaiva na iko salama, lakini kolajeni ndiyo kwanza inaanza kulegea. Inahitaji kukaa juu ya nyuzi 80 kwa muda mrefu, palipo na unyevu, ndipo igeuke jelatini. Kwa hiyo mbavu zikiwa ngumu, mara nyingi si kwamba zimepikwa sana. Zimetolewa mapema. Watu wengi wanakosea hapo: wanaona zimekuwa ngumu, wanapandisha moto, zinakauka kabisa.

Sasa jambo ambalo wapishi wa Marekani hawatawaambia, kwa sababu haliwahusu wengi wao. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, ya hapa yanachemka kwenye 94 hivi. Ndani ya foili iliyofungwa vizuri nyama inapikwa na mvuke wake, na haiwezi kuupita mvuke huo joto. Maelezo yao husema subiri mpaka kipimajoto kisome 90 hadi 95. Ukiisubiri hiyo 95 Kinoo, ambako ni juu kuliko hata katikati ya mji, utaisubiri mpaka mbavu ziwe uji. Achana na namba ya mwisho. Shika ubavu kwa koleo katikati, uinue: ukipinda na nyama ya juu ikaanza kupasuka, umefika.

Kitu kingine, tazameni kama maelezo yanasema Selsiasi au Farenhaiti. Mdogo wangu aliona 275, akazungusha kitufe mpaka kikakataa. Hiyo 275 yao ni nyuzi 135 zetu. Tulikula mayai siku hiyo.

Kijana wa Roysambu

Sasa sisi wa bedsita bila oveni tukae tu tukisoma? Mimi natumia sufuria ile kubwa ya keki, makaa chini na juu, vile mathe alikuwa anatuokea keki Krismasi. Mchanga mkavu chini kama inchi moja, juu yake kifuniko kidogo kimepinduliwa, halafu mbavu kwenye foili. Ubavu mzima hauingii, so naukata mara mbili, si zaidi. Makaa ya chini machache, ya juu mengi, naongeza kila yakififia. Inachukua kama masaa matatu na ni kazi ya kukaa hapo, si ya kuacha uende kinyozi.

Na nafanya nje kwa korido iliyo wazi. Msifungie jiko la makaa ndani ya nyumba, hewa yake inaua bila hata kunuka.

Faida moja yangu nyinyi hamna: nikimaliza naondoa mchanga, natandaza waya juu ya yale makaa, napitisha mbavu dakika chache kila upande na sosi. Hapo napata moshi wa ukweli.

Nyar Kendu, Embakasi

Airfryer inafaa?

Jirani wa Kinoo

Kumalizia tu, dada. Ukiziweka mbichi humo upepo wake unazikausha kabla hazijalainika. Zipike kwa foili au kwa njia ya Shosh kwanza, kata mifupa mitatu mitatu, paka sosi, nyuzi 200 dakika 8.

Mkwe wa Nyamira

Yangu ni ndefu kidogo. Nimeolewa kwa familia ya Wasabato. Mume wangu alishaasi kitambo, lakini mama mkwe akija Nairobi kuona daktari, nguruwe hatajwi humu ndani wala hanusiwi. Nina trei ya nguruwe, kisu chake na ubao wake, vyote vinahamia kwa jirani mama akiwa njiani.

Jumamosi moja (ndiyo, Sabato yenyewe) mbavu zimekaa oveni, zimebakisha nusu saa, simu inalia: mama ameshuka stendi, anauliza bodaboda aje nayo au tumfuate. Alikuwa aje Jumapili! Mume wangu akatoka mbio kumchelewesha kwa maswali ya safari. Mimi nikazima oveni, nikazibeba na foili yake mpaka kwa jirani, nikafungua madirisha yote, nikatupa kitunguu na dhania kwenye mafuta ili nyumba inuke kitu kingine. Mama akaingia, akavuta pumzi, akasema, "Huku kunanukia vizuri, mnapika nini?" Maharagwe, mama.

Mbavu zikalala kwenye friji ya jirani. Kesho yake jioni akazipaka sosi na kuzichoma kwake, akaniita kwa mlango wa nyuma. Wadau, zilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kupika. Zikipoa usiku kucha kwenye mchuzi wao zinashikana, unazikata kwa mstari ulionyooka bila kuchanguka, halafu sosi inang'ang'ania. Tangu hapo sipiki na kula siku moja. Foili Ijumaa, sosi Jumapili. Na ukiwa na wageni huhangaiki na masaa matatu wakiwa wamekaa sebuleni wanaangalia saa.

Heshima ya mama imebaki palepale, na msije mkaniandikia kwamba nimwambie ukweli.

Kijana wa Roysambu

Jirani kama huyo anauzwa wapi?

Wa Juja Road

Nilikulia karibu na familia za Wagoa, na kwao nguruwe ni nyama ya sikukuu. Niliyojifunza jikoni mwao: pilipili kavu nyekundu zimelowekwa kwenye siki, kitunguu saumu kingi, bizari nyembamba, karafuu chache, mdalasini, vyote vinasagwa viwe uji mzito. Mbavu zinalala humo usiku mmoja, basi. Zikikaa sana siki inafanya nyama ya juu kuwa ya unga. Foili kama kawaida. Sosi tamu siweki kabisa, nachemsha ule mchuzi upungue, naupaka. Viungo napata Diamond Plaza kule Parklands, lakini hata duka la mtaani linatosha.

Kuhusu waya wa kuinulia mbavu kwenye trei: Kamukunji watakutengenezea saizi ya oveni yako ukienda na vipimo. Mwambie fundi hutaki waya wa mabati uliopakwa zinki, siki na nyanya vinaila ile zinki na inaingia kwenye chakula. Lipa zaidi upate chuma kisichoshika kutu.

Binti wa Wundanyi

Sosi, kwa wanaouliza. Ya chupa ni tamu mno kwangu. Mimi naweka kikombe cha sosi ya nyanya, ukwaju ulioloweshwa na kuchujwa robo kikombe, sukari guru vijiko vitatu, haradali kijiko, siki kijiko, kitunguu kilichokwanguliwa, pilipili ya unga, na ule mchuzi wa foili baada ya kuengua mafuta. Dakika 15 moto mdogo mpaka ishike mgongo wa kijiko. Ukwaju unakata mafuta ya nguruwe vizuri kuliko siki peke yake.

Sosi za Kansas City kule Marekani zina molasi, ile shira nyeusi ya miwa, na nimeona mtu akisema ataitafuta agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo. Tafadhali. Ile ni ya ng'ombe. Sukari guru inatosha.

Baba wa Kahawa West

Niseme kitu kisichopendwa. Mbavu zinazodondoka zenyewe kutoka mfupani ni za wasio na meno. Mara ya kwanza wanangu waliponiletea, niliuliza kama nyama imepikwa au imesamehewa. Hata huko Marekani, kwenye mashindano yao, waamuzi wanataka unapouma nyama itoke pale ulipouma tu, mfupa mzima ukivuliwa inahesabiwa imepita. Kwangu masaa mawili na robo ya foili, si matatu, halafu sosi. Inalainika na bado unajua unakula nyama.

Na mtazame muhuri wa mkaguzi buchani kabla ya kununua. Nguruwe asiyekaguliwa anaweza kuwa na tegu. Joto tunalotumia hapa linaua, lakini ubao na kisu chako havipiti oveni.

Mwalimu wa Donholm

Hapo mzee amesema kweli, yote mawili.

Nyar Kendu, Embakasi

Na stima ikipotea katikati? Huku kwetu hiyo ndiyo hadithi.

Jirani wa Kinoo

Usifungue mlango wa oveni. Foili na chuma vinashikilia joto, na kukatika kwa nusu saa unafidia tu kwa kuongeza muda. Ikipita saa nzima, hamishia kwenye sufuria yenye kifuniko, mimina mchuzi wote na maji kikombe, malizia kwa gesi moto mdogo. Yaani unahamia kambi ya Shosh.

Shosh wa Uthiru

Milango iko wazi.

Mkwe wa Nyamira

Nauliza, zilizobaki mnazipashaje? Maikrowevu inazifanya kamba.

Baba wa Kahawa West

Friji zinakaa siku tatu bila shida. Funga foili na vijiko viwili vya maji au mchuzi, nyuzi 150, dakika 20. Au chambua nyama yote, kaanga na kitunguu, kula na ugali na kachumbari. Mifupa usimpe mbwa, ikishapikwa inapasuka vipande vikali. Wangu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo kwa ajili hiyo, na bili yake ilizidi kilo kadhaa za mbavu.