Msaada: nasoma Kadishi ya baba kila alfajiri, moyo haupo

Msafiri wa Mbale: Wakuu, habari za usiku. Mimi ni Myahudi, mzaliwa wa Mbale, Uganda. Sasa niko Marekani, nafanya kazi ya usiku ghalani. Baba alifariki miezi 7 iliyopita. Kwetu mtoto humsomea mzazi aliyefariki Kadishi, sala ya wafiwa, miezi 11, na haisomwi bila watu 10, kwa hiyo nikitoka kazini napitiliza sinagogi. Tatizo, naisoma kwa ulimi mtupu. Wenzangu wanaitikia amina, mimi niko mbali. Sala isiyo na hamu ina faida gani? Niiache?

Mama Zuhura: Pole sana mwanangu. Huo moyo kuwepo kwenye sala sisi Waislamu tunaita khushuu. Marehemu bibi yangu, Pangani, akishatawadha alikuwa anafukiza ubani, anakaa kitako kwenye mkeka, hasemi na mtu mpaka moyo utulie. Ukimwita haitiki. Sisi wajukuu tulikuwa tunamchungulia dirishani. Wewe umechoka, lala kwanza.

Kaka Bura: Kwenye Biblia, Hana alisali midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akamdhania amelewa. Mungu anatazama moyo. Usimpe maneno matupu.

Mwalimu J: Na marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, walichota kanuni za sala kwa huyo huyo Hana. Mleta mada, unachokitafuta Wayahudi wanakiita kavana, yaani kuuelekeza moyo. Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, inasema wacha Mungu wa kale walikaa saa nzima kabla ya kusali. Rabi Maimonides alikuwa mkali: sala bila kavana si sala. Rabi Yosef Karo, katika sheria zilizochapwa Venice mwaka 1565, akataka angalau baraka ya kwanza ya Amida, sala yao kuu ya kusimama, isomwe kwa moyo. Rabi Moshe Isserles wa Kraków akaongeza neno ninalolipenda sana: siku hizi aliyekosa kavana harudii, maana hata akirudia huenda akaikosa tena. Huyo aliwajua watu. Nikuulize: darasa la Talmudi, yale mafundisho ya marabi, unahudhuria? Moyo unakuwepo?

Msafiri wa Mbale: Nusu saa baada ya sala. Huko sisinzii hata kidogo, mwalimu. Nauliza maswali mpaka wazee wanacheka.

Mwalimu J: Basi si uchovu. Talmudi inasema mtu hujifunza pale moyo wake unapopataka. Kwenye Kadishi kuna nini?

Msafiri wa Mbale: …Sikuzungumza na baba miaka 4. Niliuza kipande cha shamba la kahawa nipate nauli, sikumuuliza. Alipiga simu mara mbili, sikupokea. Na niseme yote: nimempata mtu Jerusalem anisomee miezi iliyobaki. Nimeshalipa dola 180 kati ya 360. Ni jambo la siku nyingi, halikatazwi. Yule anasoma kwa moyo, mimi sina. Marehemu anafaidika na nani?

Kamanda wa Kilwa: Kumbe ulishaamua, umekuja tukubariki. Mimi baba yangu alipiga simu nikiwa kwenye mpira, nikasema nitampigia. Sikuwahi. Ninyi wenye wazazi hai, wapigieni leo.

Mtaalamu_255: Hii chai. Wayahudi Mbale tangu lini? Na Mganda gani anaandika Kiswahili hiki? Halafu 180, 360, hesabu za kutunga.

Dereva wa Malaba: Usiseme usichokijua. Nimepeleka mizigo Mbale miaka mingi. Wanaitwa Abayudaya, Semei Kakungulu ndiye aliyewaanzisha, 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wengine wakasali kwa kujificha. Jumamosi hawakuuzii kitu.

Msafiri wa Mbale: Sekondari nilisoma Nairobi, nikaishi huko miaka 9. Na 180 ni kumi mara 18. Kwa Kiebrania kila herufi ni namba pia, na 18 ni jumla ya herufi za neno linalotamkwa "hai" na maana yake ni hai, kama letu. Ndivyo tunavyotoa. Babu yangu alisali pangoni enzi za Amin. Usiniambie natunga.

Mtaalamu_255: Samahani mkuu. Pole kwa msiba.

Mwalimu J: Turudi. Soma Kadishi yako polepole. Hamna marehemu mle, hamna kaburi, hamna msamaha. "Litukuzwe na litakaswe jina lake kuu." Basi. Hukulazimishwa kumaliza ya shamba mbele ya watu 10. Na kabla ya Shema, lile ungamo la Mungu mmoja, kila asubuhi, mnaomba Mungu atie mioyoni mwenu kufahamu, kusikia, kujifunza. Kama hamu ingekuwa lazima mtu aje nayo kutoka nyumbani, wangeiomba ya nini? Huyo wa Jerusalem asome kwa moyo wake wote, lakini simu zile mbili hazikupigwa kwake.

Msafiri wa Mbale: Hapa saa 10 alfajiri, natoka saa 12. Zile 180 nyingine sijatuma. Mama Zuhura, bibi alikuwa anakaa muda gani pale mkekani?

Mama Zuhura: Mpaka ubani uzime, mwanangu.