Waliishia wapi watoto wa zile filamu fupi za vichekesho za Marekani?

Mjomba wa Dunda
Waungwana, mpwa wangu wa miaka tisa ameitwa na kikundi cha hapa Bagamoyo kinachorekodi vichekesho vya kuwekwa mtandaoni. Dada yangu anasitasita, kwa kuwa amesikia kwamba watoto walioigiza katika mfululizo wa Our Gang, ambao baadaye ulionyeshwa kwenye televisheni kwa jina la The Little Rascals, walipatwa na laana na wengi wakafa vibaya. Naomba wenye kuijua historia ya sinema wanieleze ukweli, kwani sitaki kumkatalia mtoto kwa uvumi tu.

Mpenda Sinema
Ndugu Mjomba, vifo vibaya vilikuwepo, ila laana siioni. Mtayarishaji Hal Roach aliuanzisha mfululizo huo mwaka 1922, ukaendelea hadi 1944, na watoto waliopita humo ni wengi mno kuwa na mwisho mmoja. Anayetajwa zaidi ni Carl Switzer, yule Alfalfa mwenye unywele uliosimama utosini, aliyepigwa risasi Januari 1959, akiwa na miaka 31, katika ugomvi wa dola 50 uliotokana na mbwa wa kuwindia aliyepotea. Matthew Beard, yaani Stymie, alitumia heroini kwa miaka mingi, lakini aliiacha na kurudi kuigiza kabla ya kufariki mwaka 1981.

Wasimuliaji wa laana huishia hapo. Hawamtaji Jackie Cooper, aliyewania tuzo ya Oscar akiwa na miaka tisa, kisha akawa mwongozaji na kuishi hadi 2011. Hawamtaji Ernie Morrison, mmoja wa watoto weusi wa mwanzo kabisa kupewa mkataba wa muda mrefu Hollywood, ambaye baadaye alifanya kazi katika sekta ya vyombo vya anga, wala Billie Thomas, maarufu kama Buckwheat, aliyetumikia jeshi na kisha akawa fundi wa maabara ya filamu.

Bi Kaole
Mimi ningeuliza fedha zilikwenda wapi. Watoto wa Our Gang walilipwa mshahara. Filamu zao zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1955 na kuingiza fedha upya, wao hawakupata mrabaha wowote.

Aliyeumia zaidi katika jambo hili hakuwa wa kundi hilo. Jackie Coogan, aliyeigiza na Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921, alichuma mamilioni ya dola utotoni, lakini alipokuwa mtu mzima alikuta mama yake na baba yake wa kambo wamezitumia, kwa sababu sheria ya California wakati huo iliyahesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya mzazi. Alifungua kesi mwaka 1938 na akaambulia takriban dola 126,000. Mwaka 1939 California ilipitisha sheria inayoitwa kwa jina lake, na siku hizi asilimia 15 ya mapato ya mtoto huwekwa katika akaunti ya amana. Ona kwamba waliomla Coogan walikuwa wa nyumbani kwake mwenyewe.

Mpenda Sinema
Bi Kaole, nakubali, ila fedha pekee hazimwelezi Switzer. Alitoka kundini mwaka 1940 akiwa bado mtoto, na kwa kuwa watazamaji hawakuacha kumwona kama Alfalfa, alibaki na nafasi ndogondogo, huku akiongoza wawindaji na kufundisha mbwa ili kujipatia riziki.

Mjomba wa Dunda
Nawashukuru. Je, kwa hapa kwetu sheria inasemaje?

Bi Kaole
Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kuajiriwa kuanzia miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomharibia masomo. Mpwa wako ana tisa, kwa hiyo mkutane na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla hamjasaini chochote. Kikundi nacho kieleze kwa maandishi nani atamiliki picha zake na mapato yatawekwa kwa jina la nani. Wakisema mambo hayo mtayazungumza baadaye, dada yako ana haki ya kukataa.